Kanuni Barazani

Tulipoambiwa Jumatano baada ya isha
kuna watu wanatuletea kanuni,
Chivatsi akaanza kukunja maboksi yake.
Kanuni tunazijua sisi:
usilale mbele ya duka la mtu,
usianike nguo kwenye komeo la mtu,
usipikie mtaroni, usionekane.
Ya juzi ilikuja na ndoo ya maji
saa kumi na moja alfajiri.

Kumbe hii ilikuja kwa mkokoteni,
imefunikwa blanketi zito la kijivu.
(Blanketi, jamani! Nyevu aliliangalia hilo kwanza,
akaligusa pindo, akauliza bei.)
Chini yake ubao wenye bega moja
na nyuzi sabini na nane, kama mvua iliyolazwa.
Shekue, mwenye nayo, akaketi juu ya kreti ya soda.
Rukiya akatoa fidla. Wa udi alikuwa anakohoa,
jina lake sikulishika.

Halafu hawakupiga.
Nusu saa nzima Shekue alizivuta nyuzi, moja moja,
kwa ufunguo mdogo wa chuma
uliokuwa ukining'inia shingoni mwake.
Nilitazama ufunguo.
Wangu, wa kule Muyeye, bado ninao,
nimeushonea ndani ya pindo la leso.
Tingatinga lilipita juu ya mlango wake
ule mwaka wa mvua nyingi.
Ufunguo usio na mlango: nilidhani ni wangu tu.

"Mwalimu," Chivatsi akasema, "hiyo mbovu? Tukuitie fundi?"
Baraza zima likacheka. Shekue naye akacheka,
akaendelea kuvuta.
"Hewa ya Malindi inazilegeza.
Nikizipiga hivi zitawadanganya."
Nililipenda neno hilo.
Waletao mikate na kamera huwa hawana nusu saa.

Wakaanza. Bashrafu, alisema, ya zamani, haina maneno.
"Haina kabisa?"
"Haina."
"Kama mimi mbele ya karani wa ardhi,"
akasema Chivatsi, na hapo hakuna aliyecheka.

Sijui nieleze vipi.
Kanuni inatangulia, inauliza;
fidla inachelewa kujibu, makusudi,
kama mtu anayetaka kubembelezwa;
udi uko chini unawahesabia hatua.
Tuktuk ikapita na redio yake.
Wakaisubiri, wakaiacha iende,
wakarudi palepale walipoachia.
Mtoto wa Mbeyu, asiyelala bila kushikwa mguu,
akalala na mguu wake ameuachia.
Mimi nilirudi jikoni kwangu.
Si kwa ndoto, kwa vipimo:
hapa jiko, hapa mtungi,
hatua nne hadi kitanda cha kamba.
Nikapanga vyombo vyote.
Nilimaliza kabla hawajamaliza.

Katikati uzi ukakatika, ta!
Sote tukainama.
Tumezoea kuinama.

Ngumbao, mlinzi wa duka, mwenye ile ndoo,
alikuwa amesimama konani na tochi yake.
Aliizima. Sitamsifu zaidi ya hapo:
alfajiri maji yalimwagwa kama kawaida
na yalikuwa baridi kama kawaida.

Walipokuwa wanafunga vyombo
Rukiya akauliza kwa adabu,
"Jumatano ijayo mtakuwepo?"
Nyevu akamtazama.
"Twende wapi, mwanangu?"
Msichana akabaki na upinde mkononi,
hajui auweke wapi.
Halikuwa kosa lake. Wala hatukumsaidia.

Uzi uliokatika niliuomba.
Nimeufunga kwenye misumari miwili, kando ya mlango wa duka,
pa kuanikia leso. Ni kinyume cha kanuni, najua.
Jana, kabla ya ndoo,
nikiwa nimefumba macho tu,
nilimsikia Ngumbao akisimama hapo.
Akaugusa kwa kidole, mara moja.
Akangoja mpaka ukanyamaza.
Ndipo akamwaga.